Kemikali za milele: kaango la nonstiki, maji ya kisima na mtoto anaenyonya

Swali: Assalaam alaykum dada. Mie niko Fuoni, hapa Unguja, kila asubuhi napika chapati na vitumbua nauza hapa hapa mlangoni. Nimetumiwa klipu kwenye wasap inasema kuna kemikali za milele, zikishaingia mwilini hazitoki, ziko kwenye makaango ya nonstiki na kwenye maji mpaka ya mvua, na zinaleta kansa. Nna makaango mawili ya nonstiki ndo nayofanyia biashara. Maji yetu ya kisima cha jirani, tunachemsha. Halafu nna mtoto wa miezi 4 nanyonyesha, kuna mtu kaniambia nimuachishe nimpe ya kopo kwa ajili ya hizo kemikali. Mume wangu anataka kununua mtungi wa kuchujia maji. Nianze na lipi? Usiku silali.

Jibu:

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Naanza na mtoto manake hilo ndo lenye haraka, mengine yote yanaweza kungoja wiki: usimuachishe. Ni kweli kemikali hizi zinapita kwenye maziwa ya mama, sitokuficha, ila hayo maziwa ya kopo utayakoroga na maji gani? Si maji ya kisima kile kile? Kama kisima kina kemikali basi utakuwa umempa moja kwa moja bila ya kinga uliyokuwa unampa wewe, na ukikosea kidogo tu kuchemsha au chupa haikuoshwa vizuri anapata kuharisha, na kuharisha kwa mtoto wa miezi 4 ni khatari ya leo, sio ya miaka ishirini mbele. Marekani, ambako damu za watu zimepimwa tangu 1999 na kemikali hizi zikakutwa karibu kwa kila mtu, madaktari wa watoto bado wanawaambia kina mama wanyonyeshe. Na wewe nyonyesha, mpaka miezi sita maziwa yako peke yake. Na chanjo zake usikose hata moja, nitakwambia kwanini huko chini.

Sasa hizi kemikali zenyewe. Jina lao la jumla ni PFAS, na sio moja, ni maelfu. Orodha iliyotolewa mwaka 2018 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi wa nchi nyingi tajiri, ilikuwa na zaidi ya 4,700. Zote zina kitu kimoja, kaboni iliyoshikana na florini, na huo mshikano ni katika mishikano yenye nguvu kabisa kwenye kemia ya kaboni, bakteria wa udongoni hawauvunji, jua haliuvunji, moto wa jikoni hauuvunji ukaisha. Viwanda vilizipenda kwa sababu zinakataa maji na zinakataa mafuta kwa wakati mmoja, kwa hivo zikawekwa kwenye makaango yasiyogandisha, kwenye karatasi za chakula zisilowe mafuta, kwenye makoti ya mvua, mazulia na masofa ya kutoingia madoa, na kwenye povu la kuzimia moto wa petroli, lile la viwanja vya ndege na maghala ya mafuta.

Lakini hapo kwenye neno "hazitoki" klipu yako imekosea, na nataka ulielewe hili vizuri kwa sababu ndo jibu la kila kitu ulichoniuliza. Zinazodumu milele ni zile zilizoko kwenye udongo na maji. Mwilini zinatoka, ila kwa uzito mno, manake figo zikishazichuja zinazirudisha tena kwenye damu. Ile inayoitwa PFOA nusu yake inatoka kwa kama miaka 2 mpaka 4, nyengine inayoitwa PFOS inachukua zaidi kidogo. Kwa hivo mwili ni kama mtungi wenye ufa mdogo, unavuja kidogo kidogo, ukiacha kuujaza unashuka. Na huo ushahidi upo: kampuni ya 3M ilitangaza mwaka 2000 kuacha kutengeneza PFOS, na vipimo vya damu vya Wamarekani kutoka 1999 mpaka 2018 vilionesha PFOS imeshuka kwa zaidi ya asilimia 85. Nchi ile ile, watu hawakunywa dawa yoyote, walipunguziwa tu inayoingia. Kwa hivo kazi yako wewe sio kujisafisha, kazi yako ni kutafuta wapi inaingia kwa wingi ukapaziba hapo kwanza, na kwa binadamu inaingia zaidi kwa kumeza, yaani maji na chakula. Kushika kaango au kuvaa koti hakukuingizii cha maana ukilinganisha na maji unayokunywa kila siku.

Kuhusu maradhi, wanaosema ni uzushi wanakosea na wanaosema ukigusa unakufa nao wanakosea. Tunayoyajua mengi yametoka Parkersburg, mji wa West Virginia kule Marekani, kulikokuwa na kiwanda cha DuPont, kampuni kubwa ya kemikali, kikitumia PFOA tangu 1951. Kulikuwa na mfugaji akiitwa Wilbur Tennant ng'ombe zake zikawa zinakufa, akampata wakili Robert Bilott, kesi ikafunguliwa 1999, na baada ya hapo ikapatikana pesa ya kuwachunguza watu wa maeneo yale kama elfu 69 hivi, damu zao na afya zao. Wanasayansi wakakuta uhusiano na mambo sita: kansa ya figo, kansa ya korodani, maradhi ya tezi la shingo, vidonda vya utumbo mpana, kolesteroli kuwa juu, na presha ya mimba. Mwishoni mwa 2023 shirika la utafiti wa kansa la WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, likaiweka PFOA kwenye kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu, na PFOS kwenye kundi la vinavyowezekana kusababisha. Ila angalia, watu wa Parkersburg walikuwa wanakunywa maji yaliyochafuliwa na kiwanda miaka na miaka. Sio watu waliokaanga mayai.

Na kuna hili la kinga, ndo maana nikakwambia chanjo. Visiwa vya Faroe, kule kaskazini ya Ulaya, watu wa bahari kama sie, wanakula nyama ya nyangumi na hizo kemikali zinakuwemo. Utafiti uliotoka 2012 ulionesha watoto wenye PFAS nyingi kwenye damu kinga yao ya chanjo ya pepopunda na dondakoo ilikuwa chini kuliko wenzao. Haikuwa sifuri, ilikuwa chini. Kwa hivo mtoto akamilishe dozi zote kwa wakati wake, bas.

Haya, makaango. Lile tabaka jeusi linaitwa PTFE, ni mnyororo mrefu sana, ukimeza kipande kilichobanduka hakiyeyuki tumboni kikaingia kwenye damu, kinapita kinatoka. Zamani PFOA ilikuwa inatumika kwenye kulitengeneza, na makampuni makubwa yalikubaliana na serikali ya Marekani mwaka 2006 waiache kabisa ifikapo 2015. Kwa hivo kaango lako limekuwa tatizo zaidi kwa yule anaekaa karibu na kiwanda kilicholitengeneza kuliko kwako wewe unaelipikia. Ila wewe una jambo moja ambalo mtu anaekaanga yai moja kwenye jiko la umeme hana: unapika chapati, na chapati inataka chuma kikavu na moto mkali, na kama unapika kwa mkaa hauna pa kupunguzia moto. Tabaka la PTFE likipita nyuzi joto 260 linaanza kuharibika, likipita 350 linaachia moshi mbaya kweli, kaango tupu juu ya mkaa uliokolea linafika huko upesi kuliko unavyodhani na wewe uko unasukuma donge jengine. Moshi huo unampa mtu homa na kifua kubana siku ile au ya pili anadhani kapata mafua, na ndege ndo unawaua kabisa, mwenye kasuku jikoni anajua au atajua.

Kwa hivo la nonstiki la chapati liache, na sio kwa ajili ya kansa, kwa ajili ya mapafu yako na ya huyo mtoto uliemfunga mgongoni. Rudi kwenye chuma, kile cha chapati cha siku zote walichopikia mama zetu. Kizito, kinashika moto sawasawa, na ukikipaka mafuta ukakichoma mara kadhaa hakigandishi. Vitumbua navyo vina chuma chake na bado kinauzwa, Darajani utakikuta. Ukiona huwezi kununua vyote mwezi huu, basi la vitumbua endelea nalo kwanza manake lina mafuta ndani na moto wake mdogo, usiliweke tupu jikoni, tumia kijiti au mwiko wa mti usilikwangue, na likianza kubanduka vipande ndo ulitoe. Mkate wa kumimina sikutaji, huo wenyewe hautaki nonstiki, ukipindua kaango juu ya makaa mkate unadondoka.

Ila ukienda kununua kaango jengine kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ile stika "PFOA hamna". Hiyo inakwambia moja tu haimo katika maelfu, PTFE inaweza kuwemo na kampuni haijakudanganya. La kauri ya kupaka mara nyingi halina PTFE lakini linachakaa haraka kwa mtu wa biashara. Mtego wa pili ndo unaoniuma mie zaidi: watu wanatupa nonstiki kwa khofu wanakwenda kununua sufuria za alumini zilizoyeyushwa kienyeji kutoka vyuma chakavu, injini na mabetri na kila kitu. Utafiti uliotoka 2017 ulipima vyombo vya alumini vya namna hiyo kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo, na kwenye vyengi vilitoa madini ya risasi kwenye chakula, na risasi kwa ubongo wa mtoto mdogo hatubishani kabisa, hakuna kiwango kilicho salama. Sasa utakuwa umekimbia nini? Chuma, stenlesi, au chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa ndani, hivyo havina shida.

Sasa maji, na hapa ndo ningetaka uweke nguvu zako. Kuchemsha usiache hata siku moja, Zanzibar tunaijua kipindupindu, na hakuna kemikali itakayokuuwa kwa siku mbili kama ile. Ila kuchemsha hakuondoi PFAS, maji yanaruka mvuke kemikali zinabaki chini, ukichemsha sana zinazidi kukolea kidogo. Klorini nayo haizigusi. Mtungi wa udongo au ile mishumaa ya kauri ya kuchujia unazuia vimelea tu. Na mkaa wa jikoni uliopondwa ukafungwa kitambaa, nimeuona kwenye klipu nyengine unasifiwa, hauna kazi kwenye hili, mkaa unaofanya kazi ni ule ulioamilishwa kiwandani ukawa na matundu madogo mno ndani yake.

Vinavyopunguza kweli, kwa mtu wa nyumbani, khasa ni viwili: chujio la mkaa ulioamilishwa, na mashine ya kusukuma maji kwa presha kwenye utando mwembamba, ile inayoitwa RO, ambayo viwanda vingi vya maji ya chupa vinaitumia. Mumeo akienda dukani asitazame maneno makubwa kwenye boksi, atazame kama imeandikwa NSF 53 au NSF 58, hizo ni alama za viwango vya kupimia machujio ya maji, na imetaja PFOA na PFOS kwa majina. Isipotaja ni chujio la ladha na harufu. Na aulize bei ya chujio la kubadilisha kabla ya kuuliza bei ya mtungi, manake mkaa ukishajaa hauchuji tena na unaweza kuanza kuyaachia yale ulioyashika, nimeona nyumba nyingi zina mtungi mzuri na chujio ni lile lile la siku lilinunuliwa. RO nayo inataka umeme, inataka presha, na inamwaga maji mengi kuliko inayotoa, kwa nyumba inayochota kwa ndoo utaamua mwenyewe.

Lakini je kisima chenu kina PFAS au hakina? Huwezi kujua kwa kuonja wala kwa kunusa, na kipimo cha kawaida cha maji, kile cha vimelea na chumvi, hakigusi kitu hichi, kinataka mashine maalumu ya kupima vitu vidogo mno. Wamarekani mwaka 2024 waliweka kikomo cha PFOA na PFOS kwenye maji ya kunywa, nanogramu 4 kwa lita, na nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Na hapo ndo ilipotoka ile habari ya mvua iliyokutisha: mwaka 2022 walikuwa wametoa kiwango cha muda cha PFOA cha 0.004, mdogo mara elfu moja kuliko huo wa 4, mwaka huo huo wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stockholm wakasema mvua ya dunia nzima inapita kiwango hicho. Ni kweli inapita. Ila mvua ya kisiwa cha mbali na viwanda sio ya kulinganisha na kisima kilicho chini ya mahali povu limemwagwa miaka 20. Kama unakinga maji ya mvua endelea kukinga, osha bati na mapipa, na chemsha.

Kinachonitia wasiwasi mie ni kisiwa chenyewe kilivyo. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yana matundu na nyufa, kinachomwagwa juu leo kinashuka kwenye maji ya chini bila kuchujwa vizuri, na sie sote tunakunywa hayo hayo ya chini. Kule Sweden kuna kijiji kinaitwa Kallinge, karibu na kiwanja cha ndege cha jeshi, povu la mazoezi ya kuzima moto likaingia kwenye maji ya kunywa na watu hawakujua chochote mpaka yalipopimwa, 2013 wakafunga chanzo kile. Wakaenda mahakamani, na Disemba 2023 Mahakama ya juu kabisa ya Sweden ikasema kuwa na PFAS nyingi kwenye damu peke yake ni madhara kwa mtu, hata kama hajaumwa bado. Hawa hawakuokolewa na kubadilisha makaango.

Kwenye chakula sitokaa sana. Samaki kula, faida yake kubwa kuliko khofu hii, ila kemikali hizi hazikai kwenye mafuta kama sumu nyengine, zinakaa kwenye damu na maini, kwa hivo maini ya samaki mkubwa usiyafanye ya kila siku na usimpe mtoto akianza kula. Karatasi na vibakuli vya chakula ndo vya kuangalia zaidi, khasa vile vya karatasi nzito vinavyosifiwa kuwa vinaoza na mafuta hayapenyi, na mifuko ya bisi za maikrowevu. Denmark ilizipiga marufuku kemikali hizi kwenye karatasi za chakula tangu 2020. Wewe unauza, dondosha tone la mafuta kwenye karatasi unayofungia: likienea likaacha doa basi hiyo haijapakwa, likikaa juu kama tone la maji kwenye jani la yungiyungi basi imepakwa kitu, yawezekana nta au plastiki, yawezekana PFAS, tafuta nyengine. Wateja wako wa karibu waambie waje na bakuli au hotipoti yao, na chapati zako zifunike kwa kawa.

Ndani ya nyumba, usipulizie sofa wala zulia dawa ya kuzuia madoa, na mtoto akianza kutambaa piga deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kavu, vumbi la mazulia na vitambaa ndo linaloingia mdomoni kwake. Vipodozi vya bibi arusi vile visivyotoka kwa maji, soma nyuma, ukiona PTFE au jina refu lenye "fluoro" rudisha. Koti la mvua la mtumba valia tu, ila likichakaa usilichome uani, kuvunja kemikali hizi kunataka moto wa zaidi ya nyuzi 1,000, moto wa uani unazipeleka hewani na kwenye mchanga wa kisima chenu.

Na wanaokuuzia chai na vidonge vya kusafisha damu usiwape senti. Kilichojaribiwa kikaonekana kinapunguza ni kutoa damu, wazimamoto wa Australia waliochangia damu au plazma (yale maji ya damu) kwa mwaka mmoja viwango vyao vilishuka, utafiti wa 2022. Wewe mwanamke unaepata siku zako na unaenyonyesha tayari vinashuka. Na sahivi unaenyonyesha sio wakati wa kuchangia.

Lililobaki ni la nyinyi majirani wote wa kile kisima. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa dunia wa kuzuia kemikali sumu zinazodumu, tangu 2004, na mkataba huo umeibana PFOS tangu 2009, PFOA 2019, na ndugu yao PFHxS 2022, kwa hivo kuuliza sio uchokozi, ni haki. Nendeni kwa sheha watu watano au sita, mpeleke barua iende ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, na ZEMA, ya mazingira, muulize mambo mawili kwa uwazi: vyanzo vya maji vya upande wenu vimewahi kupimwa PFAS au la, na povu gani linatumika na kumwagwa wapi kwenye mazoezi ya zimamoto. Mkiandika, tajeni vilivyo karibu na kisima na hatua ngapi kutoka kisimani: gereji, kituo cha mafuta, kiwanda cha chochote, jaa, mahali panapooshwa mazulia. Barua yenye vitu hivyo mtu wa maabara anaweza kuifanyia kazi, barua ya "tunaogopa maji yetu" inabaki mezani. Nakala moja muweke wenyewe, na mwandike tarehe mlioipeleka.